Kitufe cha picha za AI kwenye kihariri cha blogu: njia nne, na ipi inamfaa nani

Ombi huja karibu kwa maneno yale yale. Mwenye tovuti ameona Substack wana kitufe cha kutengeneza picha ndani ya kihariri chao, ameona Jetpack inafanya hivyo kwenye WordPress, basi ananitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka, na sisi tuwekee kile kitufe cha AI, waandishi waache kuokota picha Google." Hapo mwisho ana hoja. Kuokota picha Google ni kuchukua kazi ya mtu bila ruhusa, na tovuti nyingi za Kiswahili zimeishi kwa tabia hiyo miaka mingi. Ila "kile kitufe" si kitu kimoja. Nyuma yake panaweza kuwa na mitambo minne tofauti kabisa, na gharama na adha za kila mmoja ni zake.

Nitazungumzia WordPress kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo, na ndiyo inayomruhusu mtu kuongeza kitu kwenye kihariri bila kuomba kibali. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 kihariri chake ni cha vitalu, na plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, inaweza kuchomeka kitufe chake kwenye kitalu cha picha au kwenye sehemu ya picha ya jalada. Ghost, mfumo mwingine wa blogu, inapokea picha kwa API yake (mlango ambao programu moja huitumia kuiita nyingine), lakini kihariri chenyewe hakichezewi kirahisi. Blogger, ambako blogu nyingi za kwetu zilianzia, haipokei plagini. Ukiwa huko utatengeneza picha kwingine na kuipandisha kwa mkono, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya Kiswahili hapa chini.

Njia zenyewe

Ya kwanza haina AI hata kidogo. Unawapa waandishi kitufe cha picha zilizopigwa na watu. WordPress 6.2 ya Machi 2023 ilikuja na Openverse, hazina ya picha zenye leseni huru, ndani ya kihariri: unatafuta, unabofya, picha inaingia ikiwa na jina la mpigapicha na leseni yake chini. Ghost nayo ina Unsplash, hazina nyingine ya picha za bure. Naihesabu humu kwa sababu wengi wanaoniomba AI hawajui kwamba kitu hiki tayari wanacho, na wakishaonyeshwa, baadhi yao hawarudi tena kuulizia kitufe.

Ya pili ni huduma iliyo tayari, na mfano wake mkubwa ni Jetpack AI ya kampuni ya Automattic. Unaunganisha tovuti na akaunti ya WordPress.com, unalipia mpango, kitufe kinatokea. Hugusi kodi (maandishi ya programu, "code") wala hutunzi ufunguo, ule msimbo wa siri unaokutambulisha kwa kampuni ya AI. Pia huchagui modeli, yaani AI yenyewe inayochora, na siku wakibadilisha bei au modeli utaona kama wateja wengine wote.

Ya tatu ni kutumia API kwa ufunguo wako mwenyewe: OpenAI, Google au mwingine. Kuna plagini za bure zinazofanya hivyo, kwa mfano ClassifAI ya kampuni ya 10up, au unamwajiri mtu aandike plagini ndogo ya kwenu. Unalipia kila picha inayotengenezwa.

Ya nne ni modeli huria kwenye mashine unayoimiliki au unayoikodi. Stable Diffusion ilitoka kwa umma Agosti 2022, FLUX.1 ya Black Forest Labs ikafuata Agosti 2024. Unapakua modeli, unaiweka kwenye kompyuta yenye kadi ya GPU (kadi ya michoro yenye nguvu), na kihariri kinaiita hiyo badala ya kuita kampuni ya nje. Angalia leseni kabla ya kuanza: FLUX.1 ya aina ya schnell ina leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo biashara ruksa, lakini ile ya dev ina leseni isiyo ya kibiashara. Stable Diffusion 3.5 ni bure kwa anayeingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, na sidhani kama kuna msomaji wa makala hii anayebanwa na sharti hilo.

Hesabu ya picha zinazotupwa

Watu hulinganisha bei ya picha moja. Mimi nawashauri walinganishe bei ya mbonyezo, kwa sababu mwandishi hatumii picha ya kwanza. Ya kwanza ina mtu mwenye vidole sita. Ya pili ina mwanga wa alasiri ya Ulaya. Ya tatu nzuri, ila nyuma kuna milima yenye theluji na makala inahusu Lindi. Ya nne inakaribia. Ya tano na ya sita ni mbaya kuliko ya nne, basi anarudi kwenye ya nne. Umelipia sita, imechapishwa moja. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kuchagulia njia: tovuti yako itatupa picha ngapi, na nani anazilipia?

Chukua tovuti inayotoa makala 60 kwa mwezi, kila makala ikiwa na picha moja ya jalada, na kila picha ikipatikana baada ya mibonyezo sita. Hiyo ni mibonyezo 360. OpenAI walipoifungua modeli yao ya picha, gpt-image-1, kwenye API Aprili 2025, picha ya mraba ya pikseli 1024 ilikuwa karibu senti 1.1 ya dola kwa ubora wa chini, senti 4.2 kwa ubora wa kati na senti 16.7 kwa ubora wa juu. Kwa mibonyezo yetu, ubora wa chini ni kama dola 4 kwa mwezi, wa kati dola 15, wa juu dola 60. Gemini 2.5 Flash Image ya Google, iliyotoka Agosti 2025, ilikuwa senti 3.9 kwa picha, yaani dola 14 na ushee. Ukitazama dola 60 za ubora wa juu, dola 50 kati ya hizo zimelipia picha ambazo hakuna msomaji atakayeziona.

Dawa inayokuja kichwani ni kujaribu kwa ubora wa chini na kumalizia kwa ubora wa juu. Inafanya kazi nusu tu. Ukiomba upya kwa maneno yale yale, API hizi hazikurudishii picha ile ile ikiwa safi zaidi, zinakuchorea nyingine. Inabidi plagini iitume rasimu uliyoipenda kama picha ya kuhaririwa, na plagini nyingi za bure hazifanyi hivyo. Modeli huria ziko mbele hapa. Stable Diffusion inakuachia namba ya mbegu: mbegu ile ile, maneno yale yale, mipangilio ile ile, picha ile ile. Ukibadilisha neno moja, mara nyingi mpangilio wa picha unabaki karibu na ulivyokuwa, na mwandishi anarekebisha badala ya kucheza bahati nasibu.

Basi kwa nini tusihamie wote kwenye mashine zetu? Kwa sababu mashine inalipiwa hata isipobonyezwa. FLUX.1 ina vigezo bilioni 12, yaani namba ilizojifunza. Ukiiendesha kwa usahihi wa kawaida wa biti 16, modeli peke yake inakula karibu GB 24 za kumbukumbu ya kadi. Kadi ya ukubwa huo ukiikodi hata kwa nusu dola kwa saa, mwezi wa saa 720 ni dola 360. Kwa dola hizo ungebonyeza API ya ubora wa kati zaidi ya mara 8,500. Ukinunua kadi yako na kuiweka ofisini, umejiongezea bili ya umeme, joto, na siku ambazo TANESCO au KPLC wamekata na kitufe kimekufa wakati mhariri anataka kuchapisha. Mashine yako inalipa pale tu mibonyezo inapofika maelfu, au pale ambapo kadi tayari ipo kwa kazi nyingine, labda studio ya video.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui: kuendesha modeli huria kwenye mashine za mtu mwingine na kulipia kwa picha. FLUX.1 schnell kwenye Replicate, huduma mojawapo ya aina hiyo, iliwekwa kwa dola 3 kwa picha 1,000. Mibonyezo yetu 360 inakuwa dola moja na senti chache. Ubora wake haufiki gpt-image-1 kwenye maelekezo magumu, lakini kwa bei hiyo mwandishi anaweza kutupa picha bila mhasibu kuguna.

Na kabla sijasahau: kulipia ChatGPT Plus dola 20 kwa mwezi hakukupi API. Ni akaunti mbili, malipo mawili. Salio la API la OpenAI hununuliwa kabla, kuanzia dola 5, na lisipotumika ndani ya mwaka linaisha muda wake. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya Visa inayoungana na M-Pesa. Safaricom walianzisha ya kwao na Visa mwaka 2022.

Kiswahili, na vitu vya kwetu

Hapa ndipo picha nyingi zinapotupiwa, na ulinganisho mwingi wa mtandaoni hausaidii kwa sababu umeandikwa na watu wanaoandika maelekezo kwa Kiingereza kuhusu paka na wanaanga.

Stable Diffusion za mwanzo zilifundishwa kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza kutoka mkusanyo wa LAION, na sehemu yake inayosoma maneno, CLIP, inameza tokeni (vipande vya maneno) 77 tu. Mwandishi akiandika "mama lishe anawapakulia mafundi wali na maharage chini ya mwembe", maneno yanakatwakatwa vipande visivyo na maana kwa modeli, nafasi inaisha haraka, na kinachotoka ni mwanamke yeyote na chakula chochote. FLUX ina msomaji mwenye nguvu zaidi, lakini naye ni wa Kiingereza zaidi. Kwa hiyo ukichagua njia ya nne, ongeza hatua ya kutafsiri katikati: modeli ya lugha ipokee Kiswahili, itoe Kiingereza chenye maelezo, ndipo kiende kwenye modeli ya picha. Bila hiyo waandishi wataacha kutumia kitufe ndani ya wiki, au watabonyeza mara ishirini kwa hasira.

API za kampuni kubwa zimelivuka hili. DALL·E 3 ya OpenAI, iliyotoka mwishoni mwa 2023, haikuchora ulichoandika. Kwanza maelekezo yako yaliandikwa upya na modeli ya lugha, na API ilikurudishia maandishi hayo mapya pamoja na picha. Ukiandika mstari mmoja wa Kiswahili ulipata aya nzima ya Kiingereza. Modeli unayoitumia ikikurudishia aya kama hiyo, ionyeshe kwenye kihariri. Mwandishi akiona kwamba "mafundi" wamegeuzwa "wafanyakazi wa ofisi", anajua cha kurekebisha badala ya kubonyeza tena akiomba Mungu.

Kuelewa lugha, hata hivyo, si kujua vitu. Omba daladala ya Mbagala na mara nyingi utaletewa basi safi, tupu, bila konda mlangoni. Bajaji inakuja na mapambo ya Bangkok. Kanga ndiyo mtihani ninaoupenda kuliko yote. Modeli inakuletea kitambaa chenye maua ya kitenge, hakina pindo, na pale kwenye jina la kanga pana herufi zinazofanana na maandishi lakini hazisomeki. Modeli za baadaye kama gpt-image-1 huandika herufi vizuri, ila tahajia ya Kiswahili bado inateleza, na jina la kanga lililokosewa herufi moja litakuwa kichekesho kwenye maoni kabla ya saa sita mchana.

Kinachosaidia ni kueleza umbo badala ya kutaja jina. Usiseme "kanga", sema kitambaa cha mstatili chenye pindo pana pande zote nne, rangi mbili au tatu, mchoro mmoja mkubwa katikati, na ukanda mtupu chini ya mchoro. Maandishi utayaweka mwenyewe baadaye kwenye Canva au kifaa kingine. Ukiwa na plagini yako, maelezo ya namna hii unaweza kuyahifadhi kama vipande vya tayari ambavyo mwandishi anachagua: kanga, bajaji, banda la chipsi, darasa la shule ya kata. Nimeona vipande hivi vikipunguza utupaji kuliko kuhamia modeli ghali zaidi.

Na hapa njia ya nne inapata utetezi wake wa pekee wenye nguvu. Modeli huria unaweza kuiongezea mafunzo kwa mbinu ya LoRA: picha kadhaa ulizopiga mwenyewe za mitaa yenu, saa chache za kadi, unapata faili dogo la megabaiti chache au mamia kadhaa linaloifundisha modeli daladala inavyofanana kweli. Huduma iliyo tayari haikuruhusu kufanya hivyo. Kama tovuti yako ni ya utamaduni, mapishi au mitindo ya pwani, na picha zako zote zinahusu vitu ambavyo modeli za nje hazivijui, hesabu ya dola 360 inaanza kubadilika, maana utupaji wako kwenye API unaweza kuwa mara mbili au tatu ya tovuti ya teknolojia.

Picha inakwenda wapi baada ya kubonyeza

Huduma iliyo tayari inashinda kirahisi hapa, kwa kuwa mambo yote haya imeshayamaliza. Ukienda na API au mashine yako, ni ya kwako.

Kwanza kiungo. DALL·E 3 kwa kawaida ilikurudishia anwani ya picha, na anwani hiyo iliishi saa moja. Plagini iliyoandikwa kwa haraka huingiza anwani hiyo kwenye makala kama ilivyo. Mwandishi anaona picha, mhariri anaona picha, makala inachapishwa. Saa moja baadaye msomaji anaona mraba mtupu wenye alama ya picha iliyovunjika, na ofisini kila mtu bado anaiona kwa sababu kivinjari chake kimeihifadhi. Picha lazima ipakuliwe mara moja na kuwekwa kwenye Maktaba ya Midia. Modeli iliyofuata, gpt-image-1, imeondoa tatizo hilo na kuleta jingine: hairudishi anwani, inarudisha picha yenyewe kama mlolongo wa herufi, mrefu kwa theluthi moja kuliko faili halisi. Nimeshakuta plagini inayoubandika mlolongo huo ndani ya makala. Makala ya maneno 600 inakuwa na megabaiti mbili za herufi kwenye hifadhidata, na kihariri kinaanza kukwama.

Pili uzito. Picha ya PNG ya pikseli 1024 kwa 1024 mara nyingi inazidi megabaiti moja. Msomaji wa kwetu anasoma kwa bando. WordPress inaikubali WebP, aina nyepesi ya faili la picha, tangu toleo la 5.8 la 2021, lakini haikugeuzii PNG kuwa WebP yenyewe. Kwenye gpt-image-1 unaweza kuomba WebP na kiwango cha mgandamizo moja kwa moja kwenye ombi. Ni mstari mmoja wa kodi, na unaokoa bando la watu wengi.

Tatu umbo. Picha inayoonekana mtu akishiriki makala Facebook au WhatsApp ni ya pikseli 1200 kwa 630. Umbo pana la gpt-image-1 ni 1536 kwa 1024. Ili likae kwenye uwiano huo, unakata pikseli kama 109 juu na 109 chini. Kama mwandishi ameomba mtu aliyesimama, kilichokatwa ni utosi na miguu, na picha nyingine imetupwa. Ongeza kwenye maelekezo, kimyakimya nyuma ya pazia, sentensi inayosema kitu muhimu kikae katikati na juu na chini paachwe nafasi.

Nne muda. Kitendakazi cha WordPress cha kuita seva nyingine kwa kawaida husubiri sekunde 5 tu. Nginx, programu ya seva inayotumika na tovuti nyingi, husubiri 60. OpenAI wenyewe wanasema ombi gumu linaweza kuchukua hadi dakika 2. Ukiacha mambo yaende yenyewe, mwandishi ataona kosa, atabonyeza tena, na utalipia picha zote mbili ingawa hakuna aliyoiona. Kazi ipelekwe nyuma kwenye foleni, na kihariri kiulize kila baada ya sekunde chache kama picha iko tayari. Kwenye hostingi ya bei rahisi ya kushirikiana jambo hili peke yake linatosha kukufanya uchague Jetpack.

Nani aruhusiwe kubonyeza

Katika WordPress, mtu mwenye cheo cha mchangiaji hana ruhusa ya kupandisha faili, mwandishi anayo. Kitufe kifuate mpaka huo huo. Kinachonitisha zaidi ni plagini zinazofungua njia yao ya API bila kuangalia ruhusa kabisa, maana hapo mtu yeyote duniani anaweza kuita njia hiyo na kumaliza salio lako usiku mmoja. Muulize anayekuandikia plagini swali hilo kabla ya kumlipa. Weka pia kikomo cha mibonyezo kwa kila mwandishi kwa siku, na kikomo cha matumizi upande wa kampuni ya API. Ufunguo uwe kwenye faili la mipangilio la wp-config au mazingira ya seva. Ukikaa kwenye jedwali la mipangilio, kila mwenye nakala ya hifadhidata anao.

Haki, habari na sheria

Picha ya AI unaweza kuitumia, lakini usitegemee kuilinda kwa nguvu. Mahakama ya Rufaa ya Washington DC ilithibitisha Machi 2025 kwamba kazi iliyoundwa na mashine peke yake haipati hakimiliki Marekani, na Ofisi ya Hakimiliki ya huko imesema maelekezo peke yake hayatoshi kumfanya mtu awe mwandishi wa picha. Mshindani akiichukua picha yako ya jalada, huenda usiwe na pa kushika. Upande wa pili, mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya London ilitoa hukumu katika kesi ya Getty Images, wauzaji wa picha, dhidi ya Stability AI, kampuni ya Stable Diffusion: Getty walishindwa kwa sehemu kubwa, ila mahakama ilikubali kwamba matoleo ya zamani yaliwahi kutoa picha zenye alama ya Getty. Ukitumia modeli ya zamani kwenye mashine yako, kagua pembe za picha.

Jambo moja silegezi. Habari ya tukio halisi haipewi picha ya kutengenezwa. Mafuriko ya Jangwani, ajali ya barabarani, mkutano wa kisiasa: picha ya AI hapo ni uongo hata kama maelezo chini yake yanasema ni mchoro, kwa sababu picha husambaa WhatsApp bila maelezo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kenya ina sheria yake ya 2018. Kwenye WordPress unaweza kulifunga hili kwa kodi: makala ikiwa kwenye kategoria ya habari, plagini ikatae picha yenye alama ya AI. Ukaguzi ufanyike wakati wa kuchapisha, maana waandishi huchagua kategoria mwishoni.

Alama hiyo uiweke mwenyewe kwenye Maktaba ya Midia. Ni kweli OpenAI wanaweka taarifa za C2PA, zinazoeleza picha imetoka wapi, ndani ya faili tangu Februari 2024, lakini WordPress inapotengeneza saizi ndogo za picha huzipoteza taarifa hizo, na msomaji anapewa saizi hizo ndogo. SynthID, alama fiche ya Google, imefichwa kwenye pikseli zenyewe na ni ngumu zaidi kupotea, ila msomaji haioni kwa macho. Maelezo mafupi chini ya picha bado ndiyo yanayomfikia.

Kama kitufe chako kinaruhusu kupandisha sura ya mtu ili ibadilishwe, kifunge sehemu hiyo. Sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaigusa picha ya mtu anayetambulika, na unaituma kwenye seva za nje ya nchi.

Nani achukue ipi

Tovuti ya habari, hata ikiwa kubwa, ibaki na Openverse na mpigapicha wake. Ikitaka AI kwa makala za afya ya jumla au uchumi, iongeze API na kizuizi cha kategoria.

Mtu mmoja mwenye blogu yake, makala mbili tatu kwa wiki, hana haja ya plagini yoyote inayohitaji matengenezo. Jetpack AI ikimtosha kwa bei, aichukue. Isipomtosha, atengeneze picha nje ya kihariri kwenye programu anayoilipia tayari na kuipandisha. Dakika mbili za ziada kwa makala si gharama.

Tovuti yenye waandishi watano hadi ishirini, makala za maisha, biashara, teknolojia, elimu: njia ya tatu, bila kusita. Ianze na modeli huria inayolipiwa kwa picha kwa ajili ya majaribio, na modeli ya kampuni kubwa kwa picha ya mwisho. Jina la modeli liwe kwenye mipangilio, lisiandikwe ndani ya kodi, kwa sababu kampuni hizi hustaafisha modeli. Hata modeli huria huhama: Stable Diffusion 1.5 iliondolewa na kampuni ya Runway kwenye ukurasa wao wa Hugging Face, tovuti ya kupakua modeli, Agosti 2024, na aliyekuwa na nakala yake ndiye aliyeendelea kufanya kazi.

Mashine yako mwenyewe ni ya aliye na kadi tayari, aliye na fundi wa kuamka usiku, na ambaye picha zake ni za vitu ambavyo modeli za nje hazivijui. Sifa zote tatu kwa pamoja. Nikiulizwa na mwenye sifa mbili tu kati ya hizo namwambia akodi GPU kwa wiki moja, afunze LoRA yake, aifanyie majaribio na waandishi wake halisi, ahesabu picha zilizotupwa, kisha alinganishe na bili ya API ya wiki hiyo hiyo.